Tukate bima ya harusi au tusikate?

Tangu familia yetu ianze vikao vya harusi ya mpwa wangu, swali moja limekuwa likirudi kila Jumapili: je, tukate bima? Aliyelileta ni shemeji yetu anayeishi Uingereza. Huko, alituambia kwa simu, watu wengi hukata bima ya harusi mara tu wanapolipia ukumbi, na alishangaa kusikia sisi tumeshatoa amana bila kinga yoyote.

Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Mpwa wangu anaolewa na kijana wa Goma, ukumbi uko hapa Gisenyi karibu na ziwa, na zaidi ya nusu ya wageni watavuka mpaka. Kamati ikanipa kazi ya kuulizia. Kwa kuwa najua wasomaji wengi wa ukurasa huu wana ndugu pande zote mbili, naona ni vyema niwaeleze niliyoyapata.

Bima hiyo, kama inavyouzwa Uingereza na Marekani, hulipiwa mara moja kabla ya siku yenyewe. Kampuni nayo huahidi fidia iwapo harusi itaahirishwa kwa sababu zilizoandikwa kwenye mkataba: bibi au bwana harusi kuugua ghafla, mzazi kufariki, ukumbi kuungua, mpishi kufilisika akiwa na fedha zako. Nyingine hulipia pete iliyopotea, gauni lililoharibika, hata picha ambazo mpiga picha amezipoteza. Marekani, kinga ya kuahirishwa kwa harusi huanzia kama dola 150 na kupanda hadi 500 na zaidi, kutegemea gharama za sherehe. Kwa bei ya dola ya sasa, hiyo ya chini kabisa inazidi faranga 200,000. Kwa baadhi yetu wanaovusha nyanya na maziwa pale Petite Barrière, huo ndio mtaji wote.

Bwana harusi akibadili moyo, kampuni hailipi. Hilo nalielewa, hata ningekuwa mimi nisingelipa.

Hata hivyo, jambo la kusoma kwa makini ni yale yasiyolipiwa. Kwa kawaida vita vimo humo. Amri za serikali nazo mara nyingi zimo, pamoja na jambo lolote lililokuwa linajulikana siku unapokata bima. Corona ilipoingia, Machi 2020, kampuni nyingi za Uingereza ziliacha kabisa kuuza bima mpya za harusi, na maharusi waliokuwa nazo tayari walianza kubishana na kampuni kama amri ya kufunga kumbi ilikuwa imetajwa au la. Yaani siku mvua ilipoanza kunyesha, mwuza miavuli alifunga duka.

Sasa tuangalie yale ambayo yangeweza kuvunja harusi hapa kwetu. Agosti 1, 2019, mpaka ulifungwa kwa saa kadhaa kwa sababu ya Ebola iliyokuwa Goma. Machi 2020 corona ilifunga mipaka na kusimamisha sherehe zote. Mei 22, 2021, Jumamosi, siku hasa ya harusi, Nyiragongo ulitapika moto jioni, na watu wa Goma wakakimbilia hapa usiku kucha. Matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba zetu. Juni 2022, baada ya askari wa Kongo kuvuka kwenye Petite Barrière akifyatua risasi na kuuawa, Kongo iliamua mpaka ufungwe saa tisa mchana. Hebu fikiria mgeni wa Goma anayetakiwa kuaga kabla keki haijakatwa. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na mafuriko ya usiku ule yakaua zaidi ya watu 130 nchini. Januari 2025 vita vilifika Goma, makombora yakaanguka hadi upande wetu wa Rubavu, watu wakafa.

Nilikaa na orodha hiyo nikajiuliza kampuni ya bima ingelipa ipi. Mafuriko, pengine. Mpaka kufungwa ni amri ya serikali. Makombora ni vita. Na kuhusu mlima, naona kama namsikia karani akiniuliza: "Mzee, kwani ulikuwa hujui kuwa unatoka moshi?"

Wakala mmoja wa bima niliyemfuata hapa mjini alinieleza bila kunizungusha kwamba harusi kama harusi hana bima yake. Alichokuwa nacho ni bima ya moto, ya safari na ya magari. Nilikuwa naondoka, akaniita na kuniuliza wageni watasafiri kwa magari ya nani. Hapo ndipo alipostahili chai yangu. Basi dogo linalotoka Goma likigonga mtu Gisenyi, bima ya nchi lilikotoka peke yake haitoshi. Linahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Rwanda na Kongo zote zimo. Tanzania nayo inaitambua ingawa si mwanachama wa COMESA, jambo la kukumbuka kwa wenzetu waliorudi kutoka Karagwe na Ngara na bado wanaalika huko. Kadi hiyo humlipia mtu wa nje aliyeumizwa, na pia matibabu ya dereva na abiria wake. Tumeamua kwamba gari lisilo na kadi halipakii wageni wetu, hata kama ni la binamu.

Kuhusu ukumbi, mwenyewe alianza na wimbo unaojulikana: amana hairudi. Tukamwambia hatutaki irudi, tunataka ihame. Baada ya mabishano ya kutosha alikubali iandikwe kwamba mpaka ukifungwa au serikali ikizuia sherehe, amana itatumika siku nyingine ndani ya miezi sita. Sahihi zipo, na nakala tunayo. Haikutugharimu hata faranga moja. Aidha, wazee wa upande wa bwana harusi watavuka Alhamisi na kulala kwetu, badala ya kubahatisha Jumamosi asubuhi.

Ilibaki ingoboka, mfuko wa dharura wa kimina chetu, ambao kila mmoja huuchangia faranga 200 kwa wiki mbali na akiba yake. Dada zetu wa Goma wana likelemba yao kwa desturi kama hiyo. Niliomba mfuko usaidie iwapo harusi itaahirishwa. Mama mwenyekiti alinijibu kwa upole: "Baba, harusi si msiba." Wakajadili karibu saa nzima. Mwishowe walikubali kutoa mkopo usio na riba, si msaada, na ulipwe ndani ya miezi mitatu.

Kwa hiyo bima hatukati. Shemeji wa Uingereza tumemwomba fedha alizokuwa amezitenga kwa ajili hiyo azitume ziwe akiba ya dharura, zikae kwa dada yangu, zisiguswe hata kwa vitenge. Amekubali, ila alitaka jina lake lisomwe kikaoni pamoja na kiasi. Jumapili iliyopita tulilisoma, mara mbili.