Usiung'oe, bado uko hai

Wiki hii, mpenzi msikilizaji, nataka tuzungumze juu ya maua. Najua wako watakaosema, mwenzetu ameishiwa na maneno: ada za shule zinapanda, maji hayatoki bombani, naye anatuletea habari za maua. Nivumilieni kidogo. Jambo lenyewe linahusu pesa, na tena linahusu tabia yetu ya kukikatia kitu hukumu kabla ya wakati wake.

Msikilizaji mmoja ameniuliza kwa niaba ya dada yake anayeishi Leicester, Uingereza. Dada huyo amepanga nyumba ambayo uani pana kiwanja kidogo, na kila mwaka ifikapo Mei hununua maua yaitwayo fuksia, au "fyusha" kama wenyewe Waingereza wanavyolitamka. Huchanua vizuri mpaka Oktoba. Kisha baridi inaingia, majani yanaanguka, na vijiti vinabaki vikavu kama kuni. Dada anaving'oa, anatupa, na mwaka unaofuata anatoa pesa nyingine. Anauliza: hakuna fuksia inayostahimili baridi?

Iko, na pengine ni hiyo hiyo anayoitupa.

Jina la fuksia lilitolewa na Charles Plumier, mtawa wa Kifaransa aliyekuwa bingwa wa mimea. Alilichapisha mwaka 1703 kwa kumkumbuka Leonhart Fuchs, tabibu wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1566. Zipo aina zaidi ya 100, nyingi zikitoka Amerika ya Kusini na ya Kati. Baadhi ni za milima yenye ukungu ambako hakuna baridi ya kugandisha, na hizo jalidi ikizipata zimekwisha. Lakini iko moja, Fuchsia magellanica, ambayo kwao ni Chile na Argentina hadi ncha ya kusini kabisa, kwenye upepo mkali na theluji. Huko hutembelewa na ndege wadogo wafyonzao asali ya maua, mfano wa chozi wetu wa huku. Fuksia nyingi ngumu za bustanini zina damu ya aina hii. Mojawapo ni ile iitwayo 'Riccartonii', na nyingine ni 'Mrs Popple'.

Magharibi mwa Ireland, katika wilaya za Kerry na Cork, aina hii imepandwa kandokando ya njia hata maua yamekuwa ua la kuzuia upepo, refu kumpita mtu. Waairishi huyaita kwa lugha yao Deora Dé, yaani machozi ya Mungu, kwa jinsi yanavyoning'inia mekundu kama matone. Bahari ya Atlantiki hupunguza makali ya baridi kule, kwa hiyo vijiti havifi. Leicester iko mbali na bahari. Baridi yake huuma zaidi, na vijiti hufa mpaka chini.

Vijiti vinapokufa, mizizi haijafa. Baridi huua mmea kwa kuyagandisha maji yaliyomo ndani yake. Kijiti kilichoko hewani hakina kinga, lakini udongo hupoteza joto lake polepole. Juu pakiwa peupe kwa jalidi, sentimita chache chini panaweza pasigande. Hapo ndipo shina limelala. Tena fuksia huchanua kwenye machipukizi ya mwaka ule ule, si kwenye matawi ya mwaka jana. Kwa hiyo hata sehemu yote ya juu ikifa, maua ya mwaka ujao hayajapotea.

Mbuyu wetu nao hupukutisha majani wakati wa kiangazi, wala hakuna anayeuendea na shoka akidai umekufa. Tofauti ni kwamba fuksia huchelewa. Mimea mingine yote itakuwa imeshavaa kijani, nayo bado kimya, wakati mwingine mpaka Mei. Hapo ndipo watu huishiwa na subira, wakaung'oa mmea ukiwa karibu kuamka.

Sasa dada yetu afanye nini?

Kwanza, anaponunua asome kibao, au amuulize muuzaji kama mmea unaweza kulala nje majira ya baridi. Madukani fuksia ngumu na fuksia laini hupangwa meza moja, na asiyeuliza haambiwi.

Pili, aupande mwishoni mwa majira ya kuchipua au mwanzoni mwa kiangazi cha huko, ili mizizi ishike kabla ya baridi. Udongo uwe na unyevu, lakini usituamishe maji, kwa maana maji yaliyotuama wakati wa baridi ni adui mkubwa. Na aupande ndani kuliko ulivyokuwa chunguni, kina cha kama sentimita 5 zaidi. Kina hicho ndicho blanketi lake.

Tatu, majani yakipukutika asikate kitu. Vijiti vile, hata vikiwa vibaya machoni, hukinga shina. Alifunike shina kwa matandazo ya majani makavu au maganda ya miti, unene wa kiganja. Kupogoa kungoje mpaka Machi au Aprili, baridi kali ikipita.

Nne, mmea ulioko chunguni hauna udongo mwingi wa kuukinga, kwa hiyo baridi huingia kutoka pande zote. Huo auingize bandani au gereji isiyoganda, na aumwagilie maji kidogo tu, mizizi isikauke kabisa. Fuksia laini nazo zitunzwe hivyo hivyo.

Tano, mwishoni mwa kiangazi akate ncha chache changa, za urefu wa kidole, azichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, na aziweke dirishani ndani ya nyumba. Mmea mama ukifa, watoto wapo, na hajatoa hata senti.

Akiona ncha zimevimba na kukunjamana, huo ni utitiri wa fuksia, mdudu aliyegunduliwa Uingereza mwaka 2007. Azikate ncha hizo na kuzichoma, wala asichukue vipandikizi kwenye mmea huo.

Ninyi mlioko Dar es Salaam au Mombasa msihangaike nayo, joto la pwani haliipendezi. Mlioko kwenye miinuko ya baridi mnaweza kuijaribu, na matandazo ya kuikinga na jalidi huenda msiyahitaji. Ila ibakini nayo bustanini. Katika kisiwa cha Réunion, humu humu katika Bahari ya Hindi, imetoroka bustani na kuwa gugu porini.

Kwa walioko Ulaya nasema hivi: mwezi wa Mei kwaruza kijiti kwa ukucha, karibu na ardhi. Ukiona kijani, mmea u hai. Usipokiona, bado usiung'oe, maana chipukizi linaweza kutoka chini ya udongo. Upe mpaka mwisho wa Juni. Ukiwa bado kimya, hapo chukua jembe.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.