Kinachoufanya Mji Kuwa Makao Makuu ya Nchi

Mji hauwi makao makuu ya nchi kwa wingi wa watu wala kwa urefu wa majengo. Dar es Salaam ndilo jiji kubwa kuliko yote nchini, lakini makao makuu ni Dodoma. Yanayoufanya mji upate hadhi hiyo ni mambo mawili: uamuzi wa Taifa na kuwapo kwa mihimili ya dola mahali hapo.

Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulifikiwa mwaka 1973, kwa kuwa mji huo upo katikati ya nchi. Utekelezaji ulichukua miaka mingi. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia kwa kasi, na mwaka 2018 Bunge likatunga sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu. Tangu hapo, hadhi hiyo haiwezi kuondolewa kwa tamko tu. Sharti sheria irejeshwe bungeni.

Kwa mwananchi, maana yake ni kwamba wizara nyingi sasa zipo Mji wa Serikali, Mtumba, jijini Dodoma. Hata hivyo, mwenye shauri aanzie ofisi ya kijiji au mtaa, kisha kata, kisha halmashauri. Mengi humalizika huko, na nauli ya safari ndefu ikasalimika.