Programu Huria Katika Ofisi za Biashara: Leseni ni Bure, Kazi ya Kuhama Ina Gharama

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta zinazotumia mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Zinaendelea kuwaka na kufanya kazi kama kawaida, na kwa sababu hiyo wamiliki wengi wa biashara hawakutambua kuwa kuna jambo limebadilika. Kilichobadilika ni kwamba upenyo wowote wa usalama utakaogunduliwa baada ya tarehe hiyo hautazibwa, isipokuwa kwa anayejiunga na utaratibu wa muda wa nyongeza, ambao kwa biashara unalipiwa.

Kwa biashara zilizopo kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara Baruti hadi Temboni, suala hili si la mbali. Duka la vifaa vya ujenzi, duka la dawa, shule binafsi au ofisi ya usafirishaji hutunza mauzo, orodha ya stoo na madeni ya wateja kwenye kompyuta, nyingi zikiwa zimenunuliwa mitumba. Windows 11 hudai kompyuta yenye kifaa maalumu cha usalama na kichakato cha miaka ya karibuni, masharti ambayo kompyuta nyingi za zamani hazitimizi. Mmiliki anabaki na njia nne: kununua kompyuta mpya, kulipia muda wa nyongeza, kuendelea na hatari, au kuhamia kwenye programu huria.

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake chanzo uko wazi na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza. Isichanganywe na nakala ya programu ya kulipia iliyovunjwa kinga yake na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na anayetumia nakala isiyo na leseni halali anavunja sheria hata kama aliwekewa na fundi bila kuelezwa. Nakala hizo pia ni mlango mkubwa wa programu hasidi, kwa kuwa aliyeivunja kinga anaweza kuingiza chochote humo ndani na mtumiaji asiwe na namna ya kukagua.

Wengi tayari wanatumia programu huria bila kuiita kwa jina hilo. Kiini cha Linux ndicho kinachoendesha simu za Android. Kwa kazi za ofisi ipo LibreOffice, inayoandika barua na kutengeneza majedwali ya hesabu. Kwa mfumo endeshi ipo Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux. Kwa hifadhidata zipo PostgreSQL na MariaDB.

Jambo hili lina historia ndefu katika Jiji la Dar es Salaam, tena si mbali na Kimara. Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wataalamu wa mradi wa Kilinux kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden walitafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili, na mwezi Desemba 2004 ikatolewa kwa jina la Jambo OpenOffice. Hata leo LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, ina kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili. Hata hivyo, tafsiri peke yake haimhamishi mtu. Karani aliyejifunza kompyuta kwa kukariri mahali ilipo kila amri kwenye Word atapotea akibadilishiwa meza, hata kama maneno yote mapya ni ya lugha yake mwenyewe. Anachohitaji ni mtu wa kukaa naye wiki za mwanzo.

Mfano wa pili unatoka sekta ya afya. Takwimu za vituo vya kutolea huduma, zinazokusanywa kwenye vitabu vya MTUHA, huingizwa katika mfumo wa DHIS2, ambao ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuurekebisha kwa mahitaji ya Wizara ya Afya. Leseni ya DHIS2 haikununuliwa. Lakini mfumo wa namna hiyo hauendi bila seva, intaneti, mafunzo kwa watumishi wa wilaya na wataalamu wa kurekebisha fomu kila mahitaji yanapobadilika. Fedha ambayo ingekwenda kwenye leseni huenda kwa watu, na sehemu kubwa ya watu hao wako nchini.

Hapo ndipo hesabu za mfanyabiashara zinapopaswa kuanzia. Ichukuliwe, kwa mfano, kampuni ya Kimara yenye wafanyakazi kumi wanaotumia kompyuta. Ikiwa kila mmoja atapoteza nusu saa kwa siku akitafuta mahali pa kubonyeza, kwa siku 18 za kazi kampuni itakuwa imepoteza saa 90, yaani zaidi ya siku 11 za mfanyakazi mmoja. Gharama hiyo haitaonekana kwenye risiti yoyote, lakini ipo, na mmiliki asiyeitarajia ataagiza Windows irudishwe kabla ya mwezi kwisha.

Mpangilio wa hatua una uzito kuliko uchaguzi wa programu. Jeshi la polisi la Gendarmerie nchini Ufaransa lilianza mwaka 2005 kwa kubadilisha programu za ofisi tu, huku kompyuta zikibaki na Windows. Kikafuata kivinjari cha Firefox na barua pepe. Baada ya askari kuzoea, ndipo kuanzia mwaka 2008 mfumo endeshi wenyewe ukaanza kubadilishwa kuwa Ubuntu. Kwa mtumiaji hatua hiyo ya mwisho ilikuwa ndogo, kwa kuwa programu alizokuwa akifungua kila asubuhi zilikuwa zilezile. Jiji la Munich nchini Ujerumani, lililohamishia maelfu ya kompyuta kwenye Linux, liliamua mwaka 2017 kurejea Windows. Wapo waliodai sababu ni siasa na wapo waliodai ni programu za idara zisizopatana na mfumo mpya. Vyovyote iwavyo, kuhama bila uungaji mkono wa uongozi wa juu hakudumu.

Kwa biashara ndogo, hatari kubwa zaidi huwa ni ya mtu mmoja. Kijana mwenye ujuzi anafunga seva ya Linux, mambo yanakwenda vizuri, kisha anapata kazi kwingine na kuondoka na nywila kichwani. Mkataba na fundi unapaswa kueleza kwamba nywila zote na maelezo ya mfumo yaandikwe na kukabidhiwa kwa mmiliki, na kwamba nakala rudufu itolewe kila wiki na kujaribiwa kufunguliwa. Nakala rudufu isiyowahi kufunguliwa haijulikani kama ipo.

Wajibu huo una nguvu ya kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu wakusanyaji na wachakataji wa taarifa binafsi katika sekta ya umma na binafsi, na inawataka wajisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Duka la dawa linalotunza majina na namba za simu za wateja haliwezi kujitetea kwamba programu ilikuwa ya bure, wala kwamba ilikuwa ya gharama kubwa.

Si kila kompyuta inafaa kuhamishwa. Mhasibu anayetumia programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows pekee aachwe nayo, kwa leseni halali na mfumo unaopata masasisho. Msambazaji wa mfumo wa risiti za kielektroniki aulizwe mapema kama mfumo wake unafanya kazi kwenye Linux, na jibu lake liwe la maandishi. Majedwali yenye kanuni nyingi yajaribiwe moja moja, kwa kuwa hesabu iliyojengwa kwenye Excel huweza kufunguka kwenye LibreOffice ikiwa na dosari ndogo isiyoonekana haraka.

Ubuntu inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi na kutumika bila kusakinishwa, huku Windows na mafaili yaliyomo yakibaki kama yalivyo. Kwa njia hiyo printa, skana na mashine ya kusoma msimbo wa bidhaa zinaweza kujaribiwa siku ya Jumapili duka likiwa limefungwa, na Jumatatu asubuhi kompyuta ikawaka kama ilivyoachwa Jumamosi.