Homa ya Mjamzito Isiyo Malaria: Tuifahamu Listeria

Katika visiwa vya Mafia mama mjamzito akipata homa, ugonjwa wa kwanza kufikiriwa ni malaria. Ni sahihi, kwani malaria bado ni adui mkubwa wa mama na mtoto katika pwani yetu. Lakini kipimo kikionyesha hana malaria, homa hiyo inatoka wapi? Hapa tunaeleza chanzo kimoja ambacho hutokea mara chache, lakini madhara yake kwa mtoto ni makubwa.

Listeria ni nini?

Ni bakteria anayeishi katika udongo, maji na kinyesi cha mifugo. Humwingia mtu kwa njia ya chakula: maziwa mabichi, nyama au samaki wasioiva vizuri, mboga zisizooshwa na viporo. Huvumilia chumvi, na huendelea kuzaliana hata ndani ya jokofu. Moto ndio unaomwua.

Mama huweza kuugua kidogo tu: homa, maumivu ya mwili na uchovu, pengine wiki kadhaa baada ya kula chakula hicho. Lakini bakteria hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa mfu, njiti, au akiwa na maambukizi katika damu. Wengine huzaliwa wazima, kisha hupata homa ya uti wa mgongo katika wiki za kwanza.

Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko wa wagonjwa zaidi ya 1,000, na zaidi ya 200 walifariki. Takriban wanne katika kila kumi walikuwa watoto wachanga wasiozidi siku 28. Chanzo kilikuwa polony, nyama ya kusindikwa inayoliwa bila kupikwa tena.

Tufanye nini?

Tunaziomba kamati za parokia, zikishirikiana na viongozi wa misikiti na wakunga, zifikishe mambo haya kwa kila kaya:

- Maziwa yachemshwe kabla ya kunywa au kugandisha.
- Samaki, pweza na nyama viive hadi ndani. Viporo vipashwe moto hadi vitoe mvuke.
- Mjamzito mwenye homa apimwe malaria. Asipokutwa nayo, asirudi nyumbani kabla mhudumu hajatafuta chanzo kingine.
- Mtoto mchanga asiyenyonya, mlegevu, mwenye homa au mwili wa baridi, anayepumua kwa shida au kupata degedege, apelekwe hospitali mara moja.

Ugonjwa huu una tiba. Ampicillin, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu, humwua bakteria huyu. Ceftriaxone, inayotumika sana, haimwui. Kwa hiyo ni muhimu mhudumu aelezwe kwamba mama alikuwa na homa wakati wa ujauzito.

Kwa wahisani wetu tunasema: hapa umbali nao ni ugonjwa. Mama wa Jibondo, Juani au Chole hupanda chombo ili afike hospitali ya wilaya Kilindoni, na wa Bweni hutoka ncha ya kaskazini ya kisiwa. Mtoto mwenye maambukizi katika damu hawezi kusubiri maji yajae. Mafuta ya boti na nauli ya dharura vikiwa tayari kabla ya siku ya shida, vinaweza kuokoa maisha.