Anza na Keja, Maik Baadaye

Mtaani kuna mbogi mob ziko na mistari moto. Shida ni ukiskiza demo zao: mwangwi wa ukuta, jenereta ya kinyozi, mathree zikipiga honi steji. Maneno yamezama humo. Na rap ya Sheng ni maneno, buda. Msee akikosa kushika neno moja tu, panchi yote imempita. So doo yako ya kwanza, hata ka ni kidogo aje, ifanye kazi moja: maneno yaskike.

Cheki keja kwanza. Singo rum ya mawe, sakafu ya simiti, juu mabati. Hapo sauti inadunda kila kona, na mwangwi ukishaingia kwa rekodi, kuutoa ni noma. Ingia soko ya Gikomba usake blanketi nzito na duvet za mtumba. Tundika moja nyuma yako, juu maik za waimbaji huskia sana upande wa mbele, na zingine kando. Trei za mayai achana nazo, hazizuii kelele za nje. Rekodi usiku mtaa ukitulia. Mvua ikianza kupiga mabati, andika mistari.

Sasa maik. Maik ya kondensa inanasa kila kitu, mpaka mtoi wa jirani akilia, na nyingi zinataka volti 48 kutoka kwa intafesi. Kwa ploti yenye kelele, dainamiki ndio form. Moja yazo, Shure SM58, iko sokoni tangu 1966 na bado inaaminika. Ukiimba karibu nayo, inakushika wewe kuliko chumba. Lakini chunga, feki ziko mob. Nunua kwa duka lenye risiti na waranti, na uitesti hapo hapo.

Intafesi ndio hugeuza sauti ikuwe data ya kompyuta. Focusrite Scarlett Solo iko na mlango mmoja wa maik, inatosha msee mmoja. Mkiwa wawili mnataka kurekodi pamoja, tafuteni Scarlett 2i2. Ongeza kebo ya XLR, stendi, na hedifoni zinazofunika masikio kabisa ndio biti isivujie kwa maik. Spika za studio zinaeza ngoja.

Lapi ya mtumba yenye SSD na RAM ya GB 8 itakusukuma poa. Programu nayo, usikimbilie zile za wizi, huja na virusi. FL Studio, ile ilianza 1997 ikiitwa FruityLoops, ni tamu kwa kutengeneza biti, but ile ya kujaribu haikubali ufungue tena projekti umeseivu. Reaper inakupa siku 60 ukiwa na kila kitu, halafu leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Uko na Mac? GarageBand ni ya bure. Ukirekodi, weka 24-bit na usiache sauti igonge taa nyekundu.

Lakini leo usiku, kabla ununue chochote, tundika blanketi, rekodi vesi moja na simu, kisha pea beste hajawai iskia aandike maneno. Akishika yote, keja iko fiti. Hapo ndio uanze kuhesabu doo ya maik.