Kadogo si Kidogo

Apitaye mitaa ya Eastlands jijini Nairobi nyakati za jioni, iwe ni Kayole, Dandora au Kariobangi, hukutana na biashara ambayo wenyeji huiita "kadogo". Mafuta ya kupikia hupimwa kwa kikombe, sabuni ya mche hukatwa vipande, na majani chai huuzwa katika pakiti ya kutosha birika moja tu.

Jina hilo lastahili kuchunguzwa. Kiswahili sanifu huonyesha udogo kwa kiambishi ki-, kama katika neno kitoto. Huko mitaani, kwa athari ya lugha za bara kama vile Kikuyu na Kikamba, kitoto amekuwa katoto. Kiambishi hicho hupunguza uzito wa jambo: kitu kikishaitwa kadogo, hakuna anayekihofia.

Je, mnunuzi wa kadogo ni mbadhirifu? Wengi watajibu ndiyo, kwa kuwa mafuta ya kupimiwa aghalabu huwa ghali kuliko yale ya mtungi, yakilinganishwa lita kwa lita. Mimi nasema la hasha! Kibarua atembeaye kwa miguu hadi Eneo la Viwanda hulipwa jioni, na kesho huenda asipate kazi. Akinunua mafuta ya siku moja, hubakiwa na fedha za unga na za kodi ya nyumba. Kwake, kadogo ni nidhamu. Matumizi yake yanafuata mapato yake.

Walakini sisi walimu hulipwa kwa mwezi. Naye mwanafunzi wa chuo kikuu akopeshwaye na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa mwaka 1995, hupokea fedha zake kwa mkupuo. Tukinunua kwa mtindo wa kibarua, twajitwika gharama za dhiki isiyo yetu. Isitoshe, vyetu si unga wala mafuta, bali ni soda, mandazi ya saa nne na intaneti ya saa moja. Shilingi 50 kwa siku ni shilingi 18,250 kwa mwaka. Wahenga walionena kuwa haba na haba hujaza kibaba ndio hao hao walioonya kuwa bandu bandu huisha gogo.

Simu nayo imeongeza kasi. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, twaweza kulipa pasipo kushika noti. Mwaka 2019 ikaja Fuliza, imwezeshayo mteja kulipa hata salio lisipotosha, kisha deni likakatwa pindi fedha ziingiapo. Kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kukoma. Asiyelisikia onyo lililomo katika jina hilo asimlaumu aliyelibuni.

Nawashauri walimu na wanafunzi wafungue daftari. Kila kinachonunuliwa kiandikwe kwa jina lake kamili, si "vitu vidogo": soda, Jumanne, kwa sababu mwenzangu alinunua. Mwisho wa mwezi kila jina lijumlishwe peke yake. Lengo si kujinyima kila kitu. Mwalimu ajuaye gazeti lake humgharimu kiasi gani kwa mwaka, na bado akalinunua, ameamua. Asiyejua ameamuliwa na kioski.