Somo la Sayansi Lisikilizwe

Anayeingia darasani kuangalia somo la fizikia linalofundishwa kwa uchunguzi, macho yake hukimbilia vifaa. Stendi zipo, uzi upo, wanafunzi wamekaa katika vikundi na mikono inafanya kazi. Yote hayo yanaweza kuwepo na uchunguzi usiwepo. Kikundi kinaweza kufuata maelekezo ya ubaoni hatua kwa hatua, kikafikia jibu lililokuwa limeshaandikwa kwenye daftari, na kengele ikalia bila mtu kujiuliza lolote.

Chukua jaribio la pendulamu. Mwalimu anafunga kijiwe kwenye uzi, na kabla hajakibembeza anauliza: tukiweka kizito zaidi, kitakwenda haraka zaidi? Wengi hujibu ndiyo, na wana sababu zao. Mwalimu hawasahihishi, anawaachia wapime. Wanahesabu mibembeo 20, wanagawa muda wote kwa 20 ili kosa la kuchelewa kubonyeza saa lipungue, na wanakuta uzito haukubadilisha kitu. Wakigusa urefu ndipo mambo hubadilika: uzi wa sentimita 25 huenda na kurudi kwa takriban sekunde 1, wa mita 1 kwa takriban sekunde 2. Urefu umekua mara nne, muda mara mbili tu. Akitokea mwanafunzi akauliza kwa nini muda nao usikue mara nne, somo limeanza. Swali hilo halimo kwenye maelekezo, na mwangalizi aliyeinamia fomu yake halisikii.

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza madarasa ya sayansi na kugundua kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, kisha hurudia swali, humtaja mwingine au hujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wakauliza zaidi. Kusubiri huko hakungoji bajeti ya maabara.

Katika sekondari za Tanzania kuna jambo zito zaidi. Ndani ya vikundi wanafunzi hubishana kwa Kiswahili, kwa hoja na kwa sauti. Wakiambiwa wawasilishe kwa Kiingereza, sauti hufifia, na anayesimama ni mwenye Kiingereza, ambaye si lazima awe mwenye hoja. Mwangalizi akiandika kwamba darasa halina fikra za kisayansi, amepima lugha na kuiita sayansi. Naona ni haki wanafunzi wajenge hoja kwa lugha wanayofikiria, na istilahi za mtihani zifuate baadaye.

Tunajua gharama ya kutosikiliza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, aliingiza kwenye friza mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya ule ambao mwenzake hakuuchemsha. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, swali lake likageuzwa kejeli ya darasa. Alilirudia mbele ya Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza shuleni hapo. Wenzake walicheka, lakini Osborne aliahidi kujaribu. Fundi wake wa maabara alileta taarifa kwamba maji ya moto yameganda kwanza, na akaongeza kuwa atarudia mpaka apate jibu sahihi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao katika jarida la Physics Education. Wanasayansi bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, na kwa sababu gani. Ubishi huo wenyewe unaonyesha kuwa swali la kijana yule lilistahili kupimwa tangu siku ya kwanza.

Maneno ya fundi yule bado yako katika maabara zetu: matokeo yasiyolingana na kitabu hufutwa, na kikundi huambiwa kirudie. Mwalimu naye ana mtihani wa taifa mbele yake na mada ambazo hazijaisha, hivyo lawama zote zisiwekwe mabegani mwake.

Ombi langu ni kwa wathibiti ubora na wakuu wa shule. Wekeni katika fomu ya kuangalia somo mstari mmoja zaidi: leo mwanafunzi ameuliza nini, na mwalimu amelifanyia nini swali hilo?